Msimamizi wa Kompyuta Yangu

Mtoto wa ami yangu alikuwa anakula halua aliponiambia kwamba kompyuta yangu haina dawa ila kufutwa yote na kuanzwa upya. Alisema hivyo bila ya kuninyanyulia uso, vidole vinamng'aa mafuta, na duka lake pale Mlandege limejaa watu wanaosubiri simu zao zitengenezwe.

"Na sauti za mama?" nikamuuliza.

"Sauti zipi hizo?"

"Za mama. Nilizomrekodi."

"Aa, zile hadithi za kishamba?" Akacheka, na mteja mmoja aliyekuwa ameegemea kaunta akacheka naye. "Si utarekodi nyengine, dada?"

Mama yangu wakati ule alikuwa ameshapatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa, na ulimi nao ulikwenda na upande huo. Alikuwa anatoa sauti, lakini haikuwa maneno. Mtoto wa ami yangu aliyajua yote hayo. Alikuja hospitali kumtazama, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasoma dua, akamshika mkono. Alijua kwamba hakuna nyengine za kurekodi, na bado ulimi wake ulikuwa mwepesi vile, na halua mdomoni.

Nilihisi nikifungua mdomo nitasema neno ambalo halisemwi mbele za watu. Niliifungua kanga niliyokuja nayo, nikaifunika kompyuta yangu pale pale juu ya kaunta, nikaikumbatia na nyaya zake zinaning'inia, nikatoka. Nilisikia nyuma yangu anaita, "Dada! Dada, hebu njoo!" Nikaenda zangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, na mimi nilikuwa mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari hapa mjini. Niliishi Mji Mkongwe katika nyumba aliyoiacha baba, ghorofa ya pili, mimi na mama tu. Watu wa baba asili yao ni Manga, Uarabuni. Walikuwa na mashamba ya karafuu, kisha hawakuwa nayo tena, wakabaki na majina na namna ya kuinua nyusi. Mama alikuwa mtu wa Makunduchi, kusini ya kisiwa chetu. Baba alimpenda, akamwoa, akamleta mjini, na siku ya kwanza alipofungua mdomo kusema kwa lugha ya kwao, nyumba nzima ilicheka. Dada zake baba wakawa wanamwigiza jikoni. Kwa hiyo mama akajifunza kusema kama wao. Akajifunza vizuri hata mgeni asingeweza kumjua. Kikae chake, hiyo lugha ya Makunduchi, akakiweka kwa siku wanazokuja jamaa zake kutoka kusini, au kwa saa anazokuwa peke yake anakuna nazi.

Mimi nilikulia katika nyumba hiyo na sikukijua Kikae, na jambo hilo lilinikera zaidi kila nilivyozidi kuwa mtu mzima. Baba alipofariki na shangazi zangu wakahamia kwa watoto wao, mama alianza kuisema lugha yake waziwazi, na mimi nikaanza kumuuliza. Hili mnaliitaje? Na hili? Kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni alinitumia kompyuta iliyokwisha tumika, na ndani ya boksi mlikuwamo maikrofoni ndogo yenye shingo nyembamba. Basi tukawa, baada ya sala ya alasiri, tunakaa mimi na mama mbele ya meza, yeye anaitazama ile maikrofoni kwa shaka.

"Inanisikia?" ananiuliza.

"Inakusikia, mama."

"Hata nikisema kwetu?"

"Hata ukisema kwenu."

Alisema kwao. Alisimulia namna walivyokuwa wakienda kutafuta pweza maji yakitoka, nani alikuwa hodari na nani alikuwa mvivu akiiba pweza wa mwenzake. Aliimba nyimbo za kubembelezea watoto. Alisimulia visa vya jirani zake waliokwisha kufa, akicheka mpaka akakohoa. Kila kisa nilikihifadhi katika folda moja niliyoipa jina lake.

Mtoto wa ami yangu aliingia katika habari hii kwa sababu kila ukoo una mtu wake wa kompyuta, na wetu alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyeniunganishia intaneti kwa laini ya simu. Namshukuru kwa hilo. Lakini baada ya hapo alianza kuja asubuhi, mimi nikiwa skuli, kufanyia kazi zake kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa yake dukani ilikuwa haina nafasi. Alikuwa anatengeneza video za harusi. Mama anamfungulia mlango, anampikia chai, naye anakaa mpaka adhuhuri. Hakuna aliyeniuliza mimi. Kwetu chombo cha mwanamke ni cha ukoo, na chombo cha mwanamme ni chake.

Jioni moja niligundua kwamba ile alama ndogo ya ngao iliyokuwa ikikaa pembeni chini ya kioo haipo. Kompyuta hiyo ilikuja na kinga yake ndani kwa ndani: ukuta wa kuzuia vitu visiingie kutoka kwenye intaneti, marekebisho yanayojishusha yenyewe, na hiyo ngao inayogeuka nyekundu na kukuonya jambo likiharibika. Nilizijua habari hizo kwa sababu nilikaa nikazisoma, kama ninavyosoma kila kitu. Nikampigia simu.

"Ile ngao imekwenda wapi?"

"Nimeizima. Inapiga kelele tu, na inazizuia programu zangu."

"Si ndiyo kinga yenyewe?"

"Dada, wewe fundisha historia. Kompyuta niachie mimi."

"Irejeshe."

"Ntairejesha, inshallah. Kesho nakuja."

Siku ya pili yake alikuja kweli, na nilipomuuliza akaniambia kila kitu kipo sawa, ngao ipo, ila ameificha isinisumbue. Nikaona basi, mtu ameshanipa neno lake.

Kisha mama akaanguka. Wiki za hospitali sitaki kuzisimulia hapa. Tuliporudi nyumbani, siku ya kwanza niliyopata nafasi ya kukaa, nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilitaka kumsikia. Nilikuwa na kiu ya sauti ile kama mtu aliyefunga siku ya jua kali. Nikabonyeza folda yenye jina lake. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Nikabonyeza tena, ikafanya vilevile. Mara ya tatu kikafunguka kidirisha cheupe kisicho na kitu. Folda zangu zote, mitihani ya wanafunzi, picha, barua, zilikuwapo kwa sura tu. Kila niliyoigusa haikuwa folda. Ilikuwa kitu chengine kilichovaa nguo za folda.

Hapo ndipo nilipoibeba mpaka Mlandege, na huko ndiko nilikokuta halua.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu skuli, akifundisha hisabati na masomo ya kompyuta kwa madarasa ya juu. Wazee wake walitoka bara kuja kufanya kazi bandarini, wakabaki, yeye akazaliwa hapa hapa. Alikuwa Mkristo, mwembamba, msema kweli mpaka watu wanamwogopa. Nilimkuta chumba cha walimu nikamweleza yote, na sijui sauti yangu ilikuwaje, maana aliweka chini kalamu yake akanishika bega.

"Shoga yangu, usiiwashe tena," akaniambia. "Na usimpe mtu yeyote aifute. Jumamosi nakuja."

Jumamosi alikuja na sidii kadhaa ndani ya mkoba. Nilimuuliza kwa nini asilete kwenye flashi, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi.

"Flashi unaweza kuandika juu yake, na virusi navyo vinaweza. Nikiichomeka hapa inaugua nayo. Sidii nikishaichoma, imefungwa. Unaisoma tu."

Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuchomoa waya wa simu ukutani. Kisha akaiwasha kompyuta kwa ile namna ya kubonyeza vitufe mwanzoni ili iamke nusu nusu, na vitu vichache tu ndani yake viwe macho. Kioo kikawa cheusi na maandishi makubwa yasiyopendeza. Akaweka sidii, akaendesha programu ya kusafisha. Tukakaa tunatazama. Majina ya maovu yakawa yanapanda juu ya kioo, moja baada ya jengine, na kila jina lilikuwa linanipandisha damu. Haya yote yalikuwa yamekaa nyumbani kwangu. Yalikuwa yanaishi na sauti ya mama.

"Yametoka wapi?" nikamuuliza.

"Tazama." Alinionesha. Mengi yalikuwa ndani ya mafaili ya video za harusi, na mengine yalijificha kando ya programu za wizi alizozipakia mtoto wa ami yangu. "Yameingia kwa flashi kutoka dukani kwake, shoga. Na yameingia kwa raha zao, kwa sababu mlango mmeufungua wenyewe."

"Sikuufungua mimi!"

"Najua. Nimesema vibaya."

Usafishaji ulipomalizika, aliiwasha kompyuta kwa namna ya kawaida ili turejeshe ile kinga. Nikamwomba anipishe kiti. Nilitaka nifanye mwenyewe, yeye aniongoze. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaukuta ule ukuta umezimwa. Nikajaribu kuuwasha. Kitufe kilikuwa kijivu, hakibonyezeki, na juu yake pameandikwa, kwa Kiingereza, kwamba mipangilio hii inadhibitiwa na msimamizi wako.

Niliisoma mara mbili.

"Msimamizi gani?" nikasema. "Msimamizi wangu ni nani? Kompyuta hii kaka yangu kanitumia mimi. Iko ndani ya nyumba yangu. Msimamizi ni mimi!"

Mwenzangu aliinama, akafungua ukurasa wa akaunti, na pale nikaona. Kulikuwa na akaunti mbili. Moja ilikuwa na jina la mtoto wa ami yangu, na chini yake pameandikwa kwamba yeye ndiye msimamizi wa kompyuta, na imefungwa kwa neno la siri. Ya pili ilikuwa na jina langu. Chini yake pameandikwa: akaunti yenye mipaka.

Nilicheka. Sikuwa na furaha, ila kuna hasira ikifika mahala haina njia nyengine ya kutokea. Mama aliposikia kicheko kile kutoka chumbani kwake alitoa sauti ya kuuliza, nikamwambia, "Hamna kitu, mama. Nnacheza na kompyuta tu." Mtu huyu alikunywa chai ya mama yangu, akakaa kwenye kiti changu, akajiandika bwana wa kitu changu na mimi akaniandika mtu wa mipaka. Kisha akafungua kila mlango, akatia virusi vyake, akaniambia kwa kinywa chake kwamba kila kitu kipo sawa. Na mwisho akataka kufuta kila alama ya aliyoyafanya, na sauti ya mama ipotee humo humo.

"Sasa tufanye nini?" nikamuuliza mwenzangu.

"Tunamtoa," akasema.

Aliniambia kwamba kompyuta za aina ile zina akaunti moja ya asili, iliyokaa kimya ndani tangu ilipotoka kiwandani, na mara nyingi watu husahau kuitilia neno la siri. Tukaizima, tukaiamsha tena nusu nusu, na kweli akaunti ile ikatokea, tukaingia bila ya kuulizwa. Kwa mkono wangu mwenyewe nikaipandisha akaunti yangu kuwa ya usimamizi, nikaitilia neno la siri. Nikaifuta ya mtoto wa ami yangu. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya subira. Huduma ya ule ukuta ilikuwa imelazwa kabisa, sikupata kuuwasha mpaka nilipoingia kwenye orodha ya huduma nikaiamuru iamke kila kompyuta inapowaka. Virusi navyo vilikuwa vimefunga sehemu nyengine ili mtu asivione. Mwenzangu alinitajia herufi moja moja, nami nikaandika, tukazifungua. Tukatia programu ya kuzuia virusi, ya halali. Tukarudisha waya wa simu ukutani, modemu ikalia kilio chake, na marekebisho yakaanza kushuka taratibu kama maji ya mfereji wakati wa shida. Jua lilikuwa limeshageuka ile ngao ilipotokea pembeni, nyekundu kwanza, halafu ikatulia.

Mwisho akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. "Virusi hivi mara nyingi havifuti," akaniambia. "Vinaficha folda za kweli na kuweka za uongo. Andika hivi." Nikaandika. Nikabonyeza. Folda ya mama ikajitokeza, imefifia kidogo rangi, kisha ikakolea.

Nilibonyeza kisa cha kwanza nilichokiona, na sauti yake ikajaa chumba. "Inanisikia?" Nikalia mbele ya mwenzangu bila ya haya.

Mtoto wa ami yangu alijua kwamba ameondolewa siku alipokuja asubuhi na kazi zake, akakuta haingii. Hakunipigia mimi. Alimpigia shangazi yangu, na shangazi akaja Ijumaa, na buibui lake jeusi linanukia udi, akapanda ngazi zote zile kwa miguu yake mibovu ili aje anikosoe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimesikia umemfungia mtoto wa watu mlango."

"Si mlango, shangazi. Kompyuta."

"Ni hayo hayo. Amekuungia intaneti, amekusaidia, na wewe unamtoa kama mwizi? Mpigie simu umtake radhi, mwanangu. Yeye mwanamme, ana heshima yake mtaani."

"Yeye ndiye wa kunitaka radhi. Na amtake mama."

"Mama yako kafanywa nini? Kwa ajili ya visauti?"

Tulikuwa chumbani kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito, na kwa wakati wote huo alikuwa anatazama kutoka uso mmoja kwenda mwengine. Akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akanyooshea kidole kwenye chumba changu, kwenye ile kompyuta. Sikumfahamu. Akanyoosha tena kwa nguvu, na akatoa ile sauti yake.

"Unataka kusikiliza, mama?"

Akafumba macho na kufumbua, ndiyo yake ya siku zile.

Nikaenda, nikageuza spika zielekee chumbani kwake, nikaanza kuzifungua moja moja. Kila nikianzisha, mama anakataa kwa kichwa. Si hii. Si hii. Nilipofika kisa cha siku aliyoletwa mjini, alitulia. Alikuwa amenisimulia kisa hicho kwa Kikae, lakini pale alipofika kwenye maneno ya dada zake baba aliyasema kwa lafudhi yao, kila mmoja kwa sauti yake, na shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Namna walivyomwambia arudie neno. Namna walivyoanguka juu ya mkeka kwa kicheko. Namna alivyokwenda kulia nyuma ya tangi la maji, kisha akanawa uso, akarudi kupakua wali.

Sikuona aibu usoni mwa shangazi, wala sitasema niliiona. Alikuwa anauchezea ukingo wa buibui. Kisa kilipokwisha alisimama, akamgusa mama begani, akasema, "Tulikuwa watoto, Bi wee." Mama alimtazama tu. Shangazi akashuka ngazi zake. Habari ya kutaka radhi haikutajwa tena na mtu yeyote, si kwangu wala kwa mtoto wa ami yangu.

Yeye mpaka leo hajaniambia neno. Tukikutana siku ya Idi hunipa mkono, nami humpa wangu. Ameshapanua duka. Watu husema ni hodari sana, nami hunyamaza, na wakinisisitiza huwaambia sipeleki chombo changu kwake. Wananiona nna kinyongo. Nnacho.

Mama aliishi muda kidogo baada ya hapo, na kila alasiri nilimfungulia sauti zake. Alipofariki nilizichoma kwenye sidii, nikazipeleka Makunduchi kwa jamaa zake, na nikasikia kwamba huko watoto wanazisikiliza na kubishana kuhusu maneno.

Lakini kuna faili moja halikupona. Virusi vililitafuna kabla hatujavitoa. Linaonekana, lina jina na ukubwa wake, ila ukilibonyeza hutoka mkwaruzo mfupi, halafu kimya. Ulikuwa wimbo mrefu kuliko zote aliokuwa akibembelezewa yeye na bibi yake, na siku aliponiimbia aliniambia kwamba hamjui mtu mwengine aliye hai anayeujua mpaka mwisho. Nakumbuka mstari wa mwanzo na nusu ya wa pili. Nimeulizia kusini kote. Baadhi ya alasiri hujikuta jikoni nauimba huo mstari mmoja na nusu, na nikifika pale unapokatika, ghadhabu ile ya Mlandege inanipanda upya, nzima kama ilivyokuwa.